Rivyu ya kliniki ya macho Moshi, kutoka kwa mtu ambaye jicho lake moja lilikataa kufunguka

Mi ni mtu wa mekapu. Nina saluni ndogo Majengo hapa Moshi, napamba maharusi, sendofu, kipaimara, mahafali, na kwa miaka saba sasa kazi yangu ni kuhakikisha jicho la kushoto la mtu limefanana na la kulia kabla hajatoka mlangoni. Sasa mtu kama mimi nakaa mbele ya kioo changu mwenyewe, jicho moja liko wazi, lingine limeshuka kama pazia lililochomoka ndoano upande mmoja. Mteja anakuangalia usoni kabla hujamgusa, bana. Kuna bibi harusi mtarajiwa alikuja kujaribishwa, akanitazama, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Dada, jana ulilala kweli?" Akalipa hela ya jaribio, akaondoka, na harusi yake nimeiona kwenye stetasi za watu amepambwa na mwingine.

Kwaiyo hii ni rivyu ya kliniki ya macho niliyotibiwa hapa mjini. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Jina silitaji kwa sababu nina na malalamiko yangu humu ndani na sitaki kesi na mtu. Ila lazima nianzie kwenye chokea, maana bila chokea hamtaelewa kwanini nyota nne nazitoa kwa moyo mweupe na ile moja nimeizuia.

Ilikuwa mwezi wa pili, lile joto la Moshi mnalijua, vumbi hadi kwenye kikombe cha chai, nikaota chokea kwenye kope ya juu jicho la kushoto. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ukichungulia mtu akioga unaota chokea, kwaiyo mume wangu alicheka wiki nzima. Ukweli ni kwamba nilijitakia. Nilipokea gundi mpya ya kope za bandia, nikaijaribu kwangu kwanza ili nisije nikamuunguza mteja, na brashi niliyotumia ilikuwa imetoka kwa mteja wa asubuhi na sikuiosha. Haya nayasema mimi mwenyewe kabla hamjanisema. Kwenye ukingo wa kope kuna vitezi vidogo vya mafuta, vikiziba na wale bakteria wa kwenye ngozi wakapata nafasi, ndo chokea hiyo.

Chokea ukiiacha na ukaikanda kwa kitambaa cha uvuguvugu huwa inapasuka yenyewe inaisha. Mi sikuiacha. Siku ya tatu nikaiminya kwa kucha. Shangazi alikuwa ameshapendekeza maziwa ya mama, eti wifi ananyonyesha aje aninyunyizie, nikakataa nikajiona nimesoma kweli, kumbe nilichofanya mimi na kucha zangu ni kibaya zaidi. Nikaenda duka la dawa, yule kijana hakuniangalia hata jicho, alikuwa anaangalia simu yake, akanipa kichupa cha matone. Hicho kichupa mkikumbuke, tutarudi kwake.

Siku ya tano nimeamka jicho halifunguki. Yaani kope imevimba hadi shavuni, ya moto, ngozi inang'aa kama ya kitumbua, na homa juu. Nikapelekwa kwenye kituo cha afya kwa boda saa kumi na moja asubuhi. Pale nilimkuta tabibu mmoja mtaratibu sana, akanifungua kope kwa vidole viwili na kuniuliza maswali ambayo sikuyaelewa wakati ule: unaona kitu kimoja vikiwa viwili? Ukizungusha jicho linauma ndani? Uoni umepungua? Akaangalia kama jicho lenyewe limetokeza mbele. Nikajibu hapana zote. Akaniambia kuna uambukizo wa mbele, wa kwenye kope tu, na kuna unaopita nyuma unaingia kwenye tundu la jicho, na huo wa nyuma unaweza kula uoni na hata kupanda kwenye ubongo, ningejibu ndiyo hata kwenye moja angeniandikia rufaa saa ile ile. Nikapewa antibaiotiki za kumeza, nimezimeza zote hadi kidonge cha mwisho, uvimbe ukashuka, homa ikaisha. Hapo nikasema ahsante Mungu yameisha.

Hayakuisha. Uvimbe uliondoka, kope ikabaki chini.

Nikangoja wiki, wiki mbili, wapi. Nikajifunza kuweka kichwa nyuma kidogo nikiongea na mtu, na nyusi ya kushoto nikawa naipandisha muda wote bila kujijua hadi ikifika jioni paji la uso linaniuma. Na kwa vile jicho lilikuwa bado na wekundu wekundu, nikaendelea na yale matone, maana ukiweka, ndani ya saa moja jicho jeupe. Kichupa kiliisha nikanunua kingine.

Hapa katikati niweke rivyu ndogo ya zile stika za kope, maana najua kuna watu mnaziagiza Kariakoo. Ni vipande vyembamba vya plasta kama mwezi mchanga, unabandika kwenye mkunjo wa kope inainuka. Kwenye picha ya kukaa nusu saa ndani ya studio yenye kiyoyozi sawa. Kwa mtu anayefanya kazi Moshi, jasho likishuka tu inabanduka upande mmoja na wewe hujui, unaongea na mama mkwe wa mtu stika inaning'inia. Halafu kope ikivutwa juu hivyo haifumbi vizuri, jicho linakauka, linachoma, na nilipobandua siku ya nne ikaondoka na ngozi. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mtu aliyeleta mzigo kwa wakati.

Kilichonipeleka kliniki ni picha. Sendofu ya binamu yangu Kibosho, picha ya ukoo mzima, watu arobaini, na jicho la kila anayeiangalia linaenda kwangu. Na cha ajabu, wengi hawakusema la kushoto limeshuka, walisema la KULIA limetoka. Mama mdogo akaniambia hiyo ni goita mwanangu, nenda ukapime shingo. Usiku ule nimekaa na simu hadi saa nane nasoma magonjwa ya watu.

Kesho yake nikaenda. Nilifika saa moja na nusu asubuhi nikadhani nimewahi, nikakuta benchi limejaa, wazee wengi wa mtoto wa jicho kutoka Rombo na Same waliolala mjini kwa ndugu ili wawahi. Kadi elfu tano, kumuona dokta elfu ishirini na tano. Ni kadi ya karatasi, msiidharau, wataidai kila mara. Unaanza kwa muuguzi kwenye ile chati ya herufi E zinazogeuka geuka, unamuonyesha kwa mkono miguu ya hiyo E imeelekea wapi, jicho moja moja. Muuguzi huyu nampa nyota zake mwenyewe, aliniambia nisipandishe nyusi wala nisiinue kichwa, na nilipofanya hivyo nikagundua herufi za juu nazikosa kwa jicho la kushoto, sio kwamba sioni, ni kope imekaa mbele.

Halafu ukakaa. Nimekaa saa tatu. Feni moja kwa ukumbi mzima, imeelekezwa kaunta. Na hapa ndo ile nyota ya tano ilipoanguka, kwa sababu dada wa mapokezi akatoka na faili mkononi akaita kwa sauti ya kondakta wa stendi, "NANI ANA KOPE ILIYOANGUKA?" Jamani. Watu wote wakaanza kutafutana usoni nani kaanguka kope. Kuna mzee hata alichungulia chini ya benchi, sijui alidhani ni kitu kimedondoka. Jina langu lilikuwa kwenye faili, si angeita jina?

Ila kwenye hilo benchi nilikutana na mama mmoja wa Kimasai kutoka Longido, amekaa na binti yake, na kila baada ya muda anatoa kibano kidogo kilichofungwa kwenye ushanga shingoni, anavuta kope yake ya chini kwa kidole, anang'oa unywele mmoja bila kioo, anapangusa chozi. Nilimwangalia mkono wake nikaona ni mkono wa kazi, hatetemeki. Binti akanieleza mama ana vikope, kope zimegeukia ndani zinamkwaruza jicho kila akipepesa. Hapo nikaelewa kwanini kila nilipowaambia watu "nina tatizo la kope" walikuwa wanasogea pembeni, walidhani ni vikope, yaani trakoma. Ni vitu viwili tofauti. Trakoma ni ya bakteria, inaambukizwa kwa mikono, kwa kanga ya kufutana uso, kwa nzi, mtu anaipata utotoni tena na tena mpaka ndani ya kope panafanya makovu na kope inajikunja kwa ndani, na huku kwetu imesumbua sana jamii za wafugaji, Longido, Monduli, Ngorongoro. Nikafungua pochi nikamuonyesha mama kibano changu cha kung'olea nyusi. Akakipokea, akakijaribu kwenye ukucha wake, akanirudishia, akamwambia binti kitu kwa Kimasai wakacheka. Binti akatafsiri: "Anasema chako hakina meno."

Basi nikaingia kwa dokta. Ni mwanaume mtu mzima, anaongea taratibu, hana haraka hata kidogo, na sasa naelewa foleni inatokana na nini. Hakugusa mashine kwanza. Akaniambia, "Dada, nipe picha yako ya mwaka jana, isiyo na filta."

Nyie. Mtu wa mekapu. Nimetafuta kwenye simu dakika tano nzima, picha elfu nne na zote zina filta, kwenye zote macho ni makubwa kama ya swala. Mwisho nikatoa kitambulisho cha NIDA. Ile picha ambayo kila Mtanzania anaificha ndiyo iliyoniokoa, macho yote sawa, akaiweka chini ya taa akaiangalia kwa lenzi, akasema sawa, kwaiyo hii imeanza baada ya ugonjwa, haikuwepo. Maana kuna watu wamezaliwa na kope moja chini na hawajawahi kujua mpaka siku wakiumwa ndo wanajitazama vizuri.

Halafu akatoa rula. Rula ya plastiki ya kawaida kabisa, ya mwanafunzi. Akanimulika tochi ili kinuru kionekane katikati ya mboni, akapima kutoka kwenye kile kinuru hadi ukingo wa kope ya juu. Akaniambia kawaida ni milimita nne hadi tano. La kushoto lilikuwa mbili. La kulia tano. Akaandika. Halafu akanikandamiza nyusi kwa kidole gumba ili nisidanganye kwa paji la uso, akasema angalia chini kabisa, haya angalia juu kabisa, na rula ikiwa pale pale. Kope ilitembea milimita kumi na nne. Akatabasamu. Akasema msuli wa kuinua kope ni mzima, anayevuta ndoo ana nguvu zake, kamba ndo imelegea. Kwamba ule uvimbe wa siku nyingi ulivuta ule ukano mwembamba unaounganisha msuli na kope, ukatanuka au ukaachia kidogo pale uliposhika, uvimbe ukishuka ukano haurudi haraka kama ulivyokuwa.

Nikamuuliza na hili la kulia lililotoka je, ni goita? Hakunijibu. Akanipa kioo cha mkononi, akachukua kijiti cha pamba, akainua kope yangu ya kushoto taratibu hadi mahali pake, akasema usiangalie hilo, angalia la kulia. Na mimi nikaliona kwa macho yangu, kope ya kulia inashuka YENYEWE. Polepole hivi, bila mtu kuigusa. Akaachia kijiti, ya kushoto ikaanguka, ya kulia ikapanda. Akafanya tena mara ya pili maana nilimuomba. Akaeleza kwamba ubongo unatuma amri moja kwa kope zote mbili, hauwezi kuamrisha moja ukaiacha nyingine, kwaiyo ukiona kushoto kumeshuka unaongeza nguvu kote, na lile zima ambalo halihitaji msaada linapitiliza. Wiki zote hizo nimekuwa naficha jicho la kulia kwa wanja mzito, jicho ambalo halina kosa lolote.

Kwangu mimi hapo elfu ishirini na tano ilikuwa imeshajilipa.

Akaendelea. Akazima taa akamulika mboni, moja, nyingine, anaangalia kama ziko sawa ukubwa. Akanyoosha kidole juu akaniambia nikitazame bila kushusha macho hadi aseme basi, ilikuwa ndefu ile dakika, anaangalia kama kope inachoka na kuzidi kushuka. Akaweka barafu ndani ya glavu akaifunga nikaishikilia kwenye kope dakika mbili, akapima tena na rula, haikubadilika. Kuna ugonjwa wa misuli kuchoka, asubuhi kope iko juu jioni imelala, na huo ukiweka barafu kope inapanda, ndo alikuwa anautafuta. Na akanisisitiza kitu ambacho nakiandika kwa ajili yenu: kope ikishuka ghafla bila uambukizo wowote, na mboni ya upande huo ikawa kubwa, au jicho limekimbilia nje, au unaona vitu viwili viwili, au kichwa kinauma vibaya, hapo hamna kungoja kliniki wala kuomba ushauri mitandaoni, ni hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa mshipa wa damu ndani ya kichwa unabana neva.

Halafu akauliza unatumia dawa gani. Nikatoa kichupa.

Akakisogeza karibu na miwani yake akasoma maandishi madogo. Akakaa kimya. Akaniuliza umetumia muda gani, nikasema kama wiki sita hivi dokta, na sauti ikawa inapungua nikiwa naongea. Kumbe ndani mna deksamethasoni, steroidi, imechanganywa na antibaiotiki. Inaondoa wekundu haraka sana, ndo maana tunaipenda, lakini ugonjwa unaweza kuendelea chini kwa chini, ukiwa ni fangasi au ule wa virusi vya malengelenge unazidi, na kwa baadhi ya watu inapandisha presha ya jicho, yaani msukumo wa maji ya ndani ya jicho, ambayo hata haiumi, unakuja kushtuka uoni umeshaliwa pembeni. Na akaongeza kwamba hata kope yenyewe kushuka, steroidi za muda mrefu zinaweza kuchangia. Nikapimwa presha ya jicho pale pale. Kawaida ni kumi hadi ishirini na moja. Ya kushoto ilikuwa ishirini na nne, ya kulia kumi na tano. Kichupa alibaki nacho. Sikumuomba.

Sasa matibabu. Hapa mniruhusu niseme ukweli nilikasirika. Saa tatu za kukaa, hela zangu, na nikatoka nimeandikiwa... taulo. Taulo la maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, halafu unasugua kope taratibu kuelekea kwenye ukingo, halafu unaosha ukingo wa kope na shampuu ya mtoto iliyozimuliwa kwa maji. Acha steroidi. Tupa maskara zote zilizofunguliwa zaidi ya miezi mitatu. Usipake chochote kwenye kope mwezi mzima. Rudi baada ya wiki sita. Nikasema dokta si unishone tu iinuke? Akasema akikata sasa hivi wakati uvimbe wa ndani haujatulia anaweza kuipandisha leo, mwezi wa sita ikajipandisha zaidi yenyewe ukabaki umekodoa usiku hufumbi. Lazima vipimo vya rula vikae palepale miezi kadhaa ndo mtu aongelee kisu. Nilitoka nimenuna.

Na nikiwa nimenuna hivyo nafika kaunta kulipia, dada yule yule wa kope iliyoanguka ananisogezea fremu za miwani, dada hizi zitakuficha hilo jicho, laki moja na nusu nakufanyia laki moja na ishirini. Dokta hakuandika miwani popote. Nikamuuliza imeandikwa wapi, akasema ni ushauri tu. Hiyo tabia waiache, wazee wa pale wanadhani ni amri ya dokta na nimeona mmoja anahesabu noti. Na kwenye simu eti mtandao uko chini, leteni keshi, wakati mimi nikiwa nimesimama pale pale nimetuma hela kwa mtoto na imeenda.

Nikafanya taulo kwa shingo upande. Wiki ya kwanza hamna. Wiki ya tatu mume wangu akasema mbona leo umechangamka, nikadhani anataka kitu. Wiki ya sita nikarudi na rula ikasema milimita tatu. Presha kumi na sita. Safari hii nikafanyiwa na kile kipimo cha taa, cha kujua jicho linaona pembeni hadi wapi, unaweka kidevu kwenye mashine kama bakuli jeupe, unaangalia katikati, kila ukiona kinuru pembeni unabonyeza kitufe. Mara ya kwanza kope ikiwa hivi hivi, mara ya pili muuguzi akaiinua kwa plasta ya kawaida ya hospitali, akabandika juu ya nyusi. Tofauti ya zile karatasi mbili za majibu ni eneo jeusi lote la juu, kwamba vinuru vya juu vilikuwa vinapita na mimi sina habari. Elfu thelathini, bima yangu haikulipia hicho, ulizeni kabla. Na plasta yao ilishika kuliko stika zangu za Kariakoo zote, niliichukulia picha.

Mwezi wa nne wa matibabu rula ikawa tatu na nusu. La kulia likashuka lenyewe hadi nne na nusu, kama alivyosema. Tofauti ya milimita moja, na dokta anasema ukienda sokoni Mbuyuni na rula utawakuta watu kibao wenye tofauti hiyo na hawajui. Mi namuamini, maana tangu siku ile napima wateja kwa macho, na kweli, hamna mtu mwenye macho sawa. Nilikuwa nalijua hili kwa brashi miaka saba, ila kwa milimita ndo nimelijua sasa. Wanja wa jicho lililo chini unauweka mwembamba kwenye ukingo na unaupandisha kidogo mwishoni, la juu unalinenepesha, kamera haioni kitu.

Kama nikitaka operesheni bado ipo, akaniambia ataniandikia rufaa KCMC, ile hospitali kubwa ya hapa Moshi, pale idara ya macho ni kubwa, wanasomesha na madaktari wa macho wenyewe. Unafanyiwa ukiwa macho, wanakuchoma sindano ya ganzi kwenye kope, wanakaza ile kamba, halafu katikati ya kazi wanakuambia fungua macho, angalia juu, angalia mbele, wanalinganisha na lile jingine kabla hawajafunga uzi. Ni kama mimi na bibi harusi wangu kabisa, geuka huku mama, haya nitazame, isipokuwa mimi nikikosea nafuta na kitambaa. Bado nafikiria. Mume anasema niache, shangazi anasema nifanye kabla ya harusi ya mwanae mwezi wa kumi na mbili.

Kwa anayetaka kwenda: Jumatatu msiende, wanajaa wa wiki nzima. Katikati ya wiki ukifika kabla ya saa moja asubuhi unatoka saa nne. Beba keshi, beba maji, beba kichupa chochote unachotumia hata kama unaona aibu, na picha ya zamani isiyo na filta. Mapokezi wakikuita kwa ugonjwa wako usiitike, mi mara ya tatu sikuitika, nikamwangalia tu, akatafuta jina kwenye faili akaliita vizuri. Kadi yangu nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, iko kwenye droo ya brashi, na brashi sa hivi ni moja kwa kila kichwa, zikitoka kwa mteja zinaingia kwenye ndoo ya sabuni kabla hajanyanyuka kwenye kiti.